Alama Zilizopotea Kwenye Kitabu cha Mkunga

Ofisini walimwita Darubini, na wala hakuchukia. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi mweusi, na kazi yake ilikuwa kutengeneza faharasa za vitabu, ile sehemu ya mwisho ambako msomaji anatafuta neno na kuonyeshwa liko ukurasa gani. Jina lilimpata siku walipoletewa vitabu kutoka kiwandani. Wenzake walifungua maboksi ya juu, wakaona mambo safi, wakaanza kupongezana. Yeye aliinama akafungua boksi la chini kabisa, akakuta vitabu ambavyo kurasa zake zilikuwa zimefungwa juu chini. Tangu hapo aliamini kwamba kibaya huwekwa chini, na mtu akikuchekea sana jua kuna boksi hataki ulifungue.

Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Maziwa ya dukani aliyanusa, akampa na mumewe anuse. Fundi bomba akija, alisimama nyuma yake mpaka maskini akaanza kuangusha spana. Mumewe, dereva wa lori la maji, alikuwa mtu mpole aliyekwisha kuzoea. Akichelewa kurudi alianza kujieleza kabla hajavua viatu.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ulipanda ngazi nyembamba za chuma huku harufu ya sponji mpya ikikufuata mpaka juu. Chumba cha mbele kilikuwa cha mhariri mkuu, mtu mnene mwenye haraka, ambaye chai yake ilipoa kila siku kabla hajaikumbuka. Cha nyuma walikaa Darubini na mpanga kurasa wa ofisi, ambaye pia alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Meza zao ziligusana. Walikula chakula cha mchana pamoja, na kama mmoja amesahau chumvi, mwenzake alikuwa nayo.

Shemeji ndiye aliyeleta utaratibu mpya. Kitabu kiliandikwa kwenye faili la maandishi matupu, yaani lisilo na herufi nene wala rangi wala pambo lolote, ni maneno na alama tu, linalofunguka hata kwenye kompyuta iliyochoka. Kikishakamilika alikihamishia LaTeX, programu ya kupanga kurasa, na upande wa pili kikatoka kitabu kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Faharasa nayo ilitengenezwa humo humo. Mahali neno lilipoelezwa, Darubini aliweka mstari wa peke yake unaoanza na alama ya reli, hivi:

#+INDEX: uchungu

Msomaji wa kitabu hauoni mstari huo. Wakati wa kuhamisha, unageuka kuwa alama ya ndani. LaTeX inapita mara ya kwanza ikiandika kila alama imeangukia ukurasa gani, programu nyingine ndogo inazipanga kwa alfabeti, halafu LaTeX inapita tena ili orodha iingie nyuma ya kitabu. Ukitaka neno likae chini ya neno kubwa, unayatenganisha kwa alama ya mshangao:

#+INDEX: damu!kutokoma

Ikitoka unaona "damu", na chini yake, imeingia ndani kidogo, "kutokoma".

Darubini alijifunza upesi, lakini hakupenda. Zamani aliandika kila neno kwenye kadi, kadi akazipanga kwenye maboksi ya viatu, na maboksi akayafungia kabatini. Sasa alama zake zilikuwa ndani ya faili moja na maneno ya kila mtu.

"Kazi yangu imelala mlango wazi," alimwambia mumewe.

"Si yuko mdogo wangu hapo?"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ambayo mumewe hakuipenda.

Kitabu kilichowaletea mambo kilikuwa mwongozo wa kuzalisha, ulioandikwa na mkunga mstaafu kwa ajili ya wauguzi wa vituo vidogo, kule ambako daktari ni sauti ya simu tu. Darubini alizitia alama sura za mwanzo kwa bidii. Shemeji akazihamisha, akachapa nakala ya majaribio, na faharasa ikatoka vizuri. Darubini akaikunja nakala hiyo akaitia kwenye mkoba wake, kama alivyofanya kwa kila kitu kilichotoka vizuri.

Baada ya siku chache shemeji alichapa nakala nyingine. Darubini akaenda nyuma moja kwa moja, kidole kikishuka kwenye herufi D. Damu haikuwapo.

"Shemeji, damu imekwenda wapi?"

"Damu gani tena?"

"Ya sura ya tatu. Yote."

Shemeji akasogea, akaangalia. "Labda nimepitisha mara moja tu. Ukipitisha mara moja orodha inabaki ya zamani. Ngoja." Akapitisha upya, hatua zote, taratibu, akitaja kila moja kwa sauti. Damu haikurudi. Akalifungua faili lenyewe, akashuka na mistari. "Haimo. Si kwamba imejificha, shemeji. Haimo kabisa."

"Naona haimo. Nauliza nani kaitoa."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Alijibu haraka mno, au ndivyo Darubini alivyosikia. Akaziandika upya alama zote, lakini moyoni kitu kilikuwa kimeshaketi.

Kuanzia hapo kila jambo likawa na maana. Alikumbuka shemeji alivyosema kwenye kikao kwamba faharasa ndefu inachelewesha kazi. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akifunga dirisha la kompyuta yeye anapoingia. Siku moja akipanda ngazi alimsikia akiteta na mhariri chumba cha mbele. "Sasa tutamwambiaje?" mhariri aliuliza. "Taratibu," shemeji akajibu, "mama yule ana moyo mwepesi." Alipotokea mlangoni wote wawili wakashika karatasi. Darubini akawasalimu, akapita, akakaa kwenye kiti chake. Kumbe ndiyo hivyo. Wanataka kumwonyesha kuwa hawezi kazi, kisha wamwambie taratibu.

Akaamua kuwa macho. Alama zote alizotia alizinakili kwenye kidude cha kuhifadhia mafaili, akakifunga kwenye leso, akakiweka mahali ambapo mwanamume hawezi kupekua. Asubuhi alifika kabla ya wote, akafungua faili, akahakiki. Alama zipo. Shemeji akihamisha, anasimama nyuma yake. Zipo. Anashusha pumzi. Halafu wiki inayofuata anafungua sura ya nne, na alama zake zote hazipo, maandishi yamefungana vizuri kama vile hazikuwahi kuwapo. Aliyefuta alikuwa msafi. Hakuacha hata nafasi tupu. Na kwa usafi wa namna hiyo yeye alimjua mtu mmoja tu.

Chakula cha mchana akaanza kula peke yake, amegeukia dirishani. Shemeji alimsogezea chumvi, akaikuta jioni palepale alipoiweka.

Mambo yakalipuka siku mhariri alipouliza kitabu kinakwenda kiwandani lini.

"Muulize anayefuta," Darubini akasema.

"Anayefuta nini?"

"Alama zangu. Naweka, zinatolewa. Humu ndani tunaoshika faili ni watu wawili. Mimi sizitoi mwenyewe."

Mhariri akaangalia huku na huku kama anayetafuta mlango. Shemeji akainuka polepole.

"Shemeji. Mimi?"

"Nimesema watu wawili. Hesabu mwenyewe."

"Mimi niliyekuja kukubeba mgongoni ulipovunjika mguu? Mimi nikufanyie hivyo kwa ajili ya nini?"

"Hilo ndilo nataka kulijua."

Shemeji hakupiga kelele. Akazima kompyuta yake, akachukua koti, akaweka ufunguo mezani mbele ya mhariri. "Basi ahamishe mwenyewe. Ameshajua, alikuwa amesimama nyuma yangu siku zote." Wakamsikia akishuka ngazi za chuma, hatua moja moja, mpaka sauti ikaisha.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya kuliko ofisini. Mumewe alikula haraka, akaosha sahani yake peke yake. Mama mkwe alipiga simu. "Mwanangu, ni kweli mmegombana kwa ajili ya maneno ya nyuma ya kitabu? Hata hayo ya mbele nani anayasoma?" Darubini akasema ndiyo mama, sawa mama, akakata simu. Alijua hakukosea. Ila kile kitendo cha kuweka ufunguo mezani kilimrudia rudia. Mwizi hubisha. Huyu kwa nini hakubisha?

Akafanya kazi peke yake. Alitia alama upya sura ya nne, akatia sura ya tano, akahamisha mwenyewe, akapitisha, akapanga, akapitisha tena, na faharasa ikatoka nzima. Aliisoma mara kadhaa kwa uchungu wa ushindi. Mnaona? Mwizi ameondoka, mali imetulia.

Kisha akafungua sura ya tano siku mbili baadaye, akakuta imefagiliwa.

Kiti cha shemeji kilikuwa kitupu, ufunguo wake ulikuwa kwa mhariri. Akatoka mpaka chumba cha mbele.

"Nani ameingia chumbani kwetu?"

"Hakuna mtu," mhariri akasema bila kuinua kichwa. "Kwani vipi?"

"Sura ya tano imeguswa."

"Aa, hiyo nimeiweka mimi. Imerudi juzi kutoka kwa mkunga. Si huwa namtumia kila sura aipitie? Akirudisha, naitoa ya zamani naweka yake."

Darubini akasimama pale. Jambo hilo alilijua. Kila mtu ofisini alilijua. Hakuna aliyelifikiria, kwa sababu nani atamfikiria bibi aliyezalisha nusu ya mji?

Akaifungua leso, akalinganisha nakala yake na ile iliyorudi. Mkunga hakuwa amebadili neno hata moja, isipokuwa alama za faharasa. Zote zilikuwa zimetolewa.

"Na ile siku mlikuwa mnateta," akauliza, sauti imeshuka, "mama mwenye moyo mwepesi ni nani?"

"Si huyo huyo mkunga? Ile michoro aliyochora mwenyewe haifai. Mtoto anafanana na kiazi. Tulikuwa hatujui tumwambieje."

Lakini shaka haikatiki kama umeme. Akiwa njiani kwenda kwa mkunga, Darubini alikuwa amekwisha kutunga jingine: huenda bibi na shemeji walipanga pamoja, huenda shemeji ndiye aliyempigia simu akamwambia futa. Alilishika wazo hilo kwa nguvu. Lilikuwa linamwokoa na lile jingine lililokuwa linamsubiri.

Nyumba ya mkunga ilikuwa mwisho wa mtaa wa gereji, lango la bati lenye makufuli matatu. Alibisha. Jicho likatokea kwenye tundu.

"Nani?"

"Natoka ofisi ya vitabu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mhariri wako ana gari la rangi gani?"

"Mhariri hana gari, bibi. Anapanda pikipiki ya jirani yake."

Makufuli yakafunguliwa moja baada ya jingine. Mkunga alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na mikono mikubwa iliyotulia kama ya mtu aliyekwisha kumaliza kazi ngumu. Alimwonyesha kiti, yeye akakaa kati ya mgeni na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma.

"Nilijua mtatuma mtu," akasema. "Na nilijua atakuwa mwanamke. Haya, sema."

"Bibi, kuna mistari kwenye kitabu chako inayoanza na alama ya reli. Umeifuta wewe?"

"Nimeifuta mimi. Na mkiiweka tena naifuta tena."

"Nani alikwambia uifute?"

"Aniambie nani? Kitabu si changu? Sasa na mimi nikuulize. Nani aliandika mstari unaosema 'mkunga, makosa'? Tena kwa mshangao. Mkunga! Makosa!"

"Mimi," akasema Darubini.

Mkunga akasogeza kiti chake mbele. Nje, mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo.

"Nilikukosea nini, mwanangu?"

Ndipo akaeleza. Miaka mingi nyuma mtoto alimfia mikononi, na mama yake mtoto naye karibu afuatie. Kamati ikakaa, ikamwita, ikauliza, ikaona hana kosa. Lakini mtaani kamati haikai. Akienda sokoni alisikia nyuma yake, "mkunga", halafu mnong'ono. Alipoanza kukiandika kitabu, aliweka sura nzima ya mambo ambayo mkunga anaweza kukosea, kwa sababu hakuna aliyemwandikia yeye. Halafu sura zikawa zinarudi kutoka ofisini zikiwa na mistari ambayo yeye hakuiandika. Damu, mshangao, kutokoma. Akadhani kuna mtu anamkumbusha. Akafuta. Ikaja nyingine. Akafuta. Ilipokuja ile ya mkunga na makosa, akajua kuna mtu mle ndani anamsuta, anataka neno lile lichapwe liende nchi nzima.

"Kwa nini hukumpigia mhariri simu, bibi?"

"Nimwambie nini, wakati sijui ni nani kati yenu?"

Darubini akafungua mkoba, akatoa ile nakala ya kwanza, imekunjika pembe. Akaifungua nyuma, akamwekea mkunga mapajani. Akamweleza kwamba mstari ule hauchapwi, kwamba mshangao si kelele, ni namna ya kuiambia kompyuta neno hili likae chini ya lile. "Tafuta kitu, bibi. Kitu chochote cha sura ya pili."

Mkunga akavaa miwani. Akatafuta "kitovu". Akaona namba. Akafungua ukurasa, akakuta maneno yake mwenyewe ya kukata kitovu. Akarudi nyuma, akatafuta "njia", akafungua. Akatafuta "pumzi". Akaifunga nakala, akaweka mkono juu yake.

"Kwa hiyo mtu asiyesoma kitabu chote anafika hapa."

"Ndiyo maana yake."

"Nami nimekuwa nikiwafungia njia."

Hakulia, wala Darubini hakumbembeleza. Mkunga akakiondoa kitambaa kwenye kompyuta.

"Hiyo ya makosa iandike 'makosa ya kuepuka'. Ikae kwenye M, peke yake. Mkunga muache." Kisha akaanza kuvutwa na kazi. "Na hii ya sura ya tatu, mbali na 'damu' umeandika pia 'kutokwa na damu baada ya kujifungua'. Nani atatafuta hilo? Muuguzi mikono yake imejaa damu, anayeshika kitabu ni mwenzake, naye anatetemeka. Atatafuta 'damu'. Kama hakuona atatafuta 'anazimia'. Atatafuta 'baridi', maana mgonjwa amekuwa baridi. Yaandike yote, yote yampeleke ukurasa mmoja."

"Kwenye ukurasa huo hakuna neno baridi, bibi."

"Lakini mkononi mwa mgonjwa lipo."

Wakakaa mpaka jua likaondoka dirishani. Mara mkunga anataka neno, Darubini anakataa, mara Darubini anakataza na bibi analiandika kwa kidole kimoja, akibonyeza kwa nguvu. Darubini hakuwahi kutengeneza faharasa kwa namna ile, akiwaza mtu mwenye hofu. Alifurahi, na furaha ile ikamuumiza, kwa sababu sasa hakuwa na pa kujificha tena.

Alipotoka alienda moja kwa moja kwa shemeji. Mke wa shemeji alimfungulia mlango, akasema karibu, lakini hakumsogezea kiti. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni akiunga waya wa pasi.

"Alikuwa mkunga," Darubini akasema akiwa amesimama. "Alidhani tunamsuta. Nimekuja kukuomba radhi, shemeji. Nimekupaka matope mbele ya watu, na sikuwa na ushahidi."

Shemeji akakaza skrubu. "Alama zilipopotea, mtu wa kwanza uliyemfikiria ni mimi."

"Ndiyo."

"Wa pili alikuwa nani?"

Darubini akatafuta jina, akatamani liwepo. "Hakukuwa na wa pili."

"Haya," shemeji akasema. "Asante kwa kusema ukweli." Akaichomeka pasi, taa yake ikawaka, akaichomoa. "Jumatatu nitakuja. Kitabu hakina kosa."

Akaja kweli. Wakaweka utaratibu kwamba mwandishi apelekewe kurasa zilizochapwa, asahihishe kwa kalamu, faili libaki ofisini. Kitabu kikaenda kiwandani na faharasa yake ndefu, yenye "anazimia" na "baridi", na mtoto mwingine aliyechorwa na mchoraji. Mkunga alinuna kidogo kwa ajili ya mtoto wake, kisha akasahau.

Shemeji anafanya kazi kama zamani. Ana heshima, anasalimu, chumvi anaisogeza. Ila kila anapotaka kulifungua faili lenye alama za Darubini, anamwita kwanza. "Shemeji, njoo uone, nafungua." Na akimaliza: "Njoo uone, nafunga." Mwanzoni Darubini alimwambia, "Wewe fungua tu, usiniite." Shemeji akajibu kwa upole kwamba hapana, ni vizuri aone. Hivyo anainuka, anavaa miwani, anasimama nyuma ya kiti chake, na wote wawili wanaangalia mistari ikishuka.

"Ameshakusamehe?" mumewe alimwuliza jioni moja wakikunja nguo.

"Sijui."

"Si umwulize?"

Darubini akalikunja shati, akalifungua, akalikunja tena. "Nikimwuliza atasema ndiyo," akasema. "Halafu nitaanza kujiuliza kwa nini amesema haraka hivyo."